Kutoka Daftari la Sandukuni Hadi Kwenye Simu

Ukurasa uliopigwa picha bado si maandishi. Familia nyingi za Rungwe, Mbozi, Kilolo na Mufindi zinazotaka kuhifadhi kumbukumbu za wazee wao huishia hapo. Daftari lote linapigwa picha, picha zinatumwa kwenye grupu la ukoo, watu wanajibu "asanteni, Mungu awabariki", kisha hakuna anayezifungua tena. Si kwamba hawajali. Picha zinakula bando, hazitafutiki, na kwenye simu ndogo mwandiko wa miaka ya 60 unaonekana kama nyayo za kuku. Ukitaka kujua ni wapi mzee aliandika habari za shamba la mpakani, itabidi upekue picha moja moja hadi uchoke. Yakiwa maandishi, unaandika neno moja kwenye kisanduku cha kutafutia, basi.

Sisi tunaovusha makaratasi ya familia, vikundi na makanisa ya Nyanda za Juu Kusini kwenda kwenye simu huulizwa kwanza, "Mnatumia programu gani?" Programu ni sehemu ndogo ya kazi. Sehemu kubwa ni karatasi yenyewe, mwanga, majina ya mafaili, na uvumilivu wa kusoma tena kile unachodhani umeshakisoma.

Nyumba nyingi zina zaidi ya zinavyodhani. Kuna barua za waliokwenda migodini Afrika Kusini na Zambia kabla ya uhuru, za waliochimba dhahabu ya Lupa kule Chunya, za vijana waliofanya kazi kwenye ujenzi wa reli ya TAZARA kati ya 1970 na 1975. Kuna kauntabuku za mikutano ya vijiji na vyama vya ushirika. Kuna madaftari ya elimu ya watu wazima na vijitabu vya kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, vilivyosomwa kwa vikundi huku redio ikiendesha kipindi. Kijitabu chenyewe kilichapwa kwa wingi na nakala zipo kwingine, kwa hiyo usipoteze wiki nzima kukinakili. Thamani yake iko pembeni mwa kurasa, ambako mtu mzima aliyeanza tu kusoma alijaribia sahihi yake, akaandika deni la mbolea, akataja siku mtoto wake alipozaliwa. Hayo hayapo popote pengine.

Kabla ya kamera, shughulikia unyevu. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na sanduku la bati lililokaa sakafuni kwenye chumba kisicho na hewa hugeuza daftari kuwa bonge moja lenye ukungu. Iringa mjini ni pakavu zaidi, na huko tunahangaika na mchwa, panya na moshi wa jikoni. Karatasi iliyolowana usiianike juani wala usiisogeze motoni, maana itajikunja na wino utapauka. Isimamishe au ilaze kivulini, mahali penye upepo, ukiweka karatasi nyeupe kavu kila baada ya kurasa tano au kumi, na uzibadilishe zinapolowa. Kurasa zilizogandana hazibanduliwi kwa nguvu. Zikikauka polepole kwa siku mbili tatu, nyingi huachiana zenyewe. Ukungu hausuguliwi ukiwa mbichi kwa sababu unapakaa na kuingia ndani zaidi. Subiri ukauke, toka nje, vaa barakoa, upepo uwe mgongoni mwako, kisha pangusa kwa brashi mpya laini ya rangi, kutoka katikati ya ukurasa kwenda ukingoni. Pini na stepo zenye kutu zitoe kwa kunyoosha miguu yake kwanza upande wa nyuma. Ukivuta tu, zinaondoka na kipande cha karatasi.

Halafu kuna laminesheni. Pale Mwanjelwa, Mbeya mjini, huhitaji kutembea sana kupata steshenari yenye mashine hiyo, na mtu mwenye nia njema huona ndiyo dawa ya barua iliyochakaa. Si dawa. Plastiki hubandikwa kwa joto linalozidi nyuzi 100, na ikishashika haitoki bila kuichana barua. Karatasi yenye asidi inaendelea kuoza humo humo ndani. Risiti zile za karatasi laini inayochapwa kwa joto hugeuka nyeusi tii mara tu zinapopita mashineni. Selotepu nayo ina hila yake, kwani baada ya miaka plastiki inabanduka na kuacha gundi ya njano iliyokwishazama kwenye maandishi. Barua iliyochanika iache ilivyo, ipige picha vipande vikiwa vimepangwa, uitie ndani ya bahasha ya karatasi.

Kwenye kamera, msitishwe na namba za kwenye boksi. Ukurasa wa A4 kwa ubora wa nukta 300 kwa inchi ni pikseli 2480 kwa 3508, yaani megapikseli 8.7 hivi. Kamera ya megapikseli 12 au 13 inatosha kabisa endapo ukurasa unajaza fremu. Simu nyingi zinazotangaza megapikseli 50 huunganisha pikseli nne kuwa moja na kukupa picha ya 12.5, ila hilo halisemwi kwa sauti. Kamera ya megapikseli 8 inafaa kwa daftari la kawaida la shule ukipiga ukurasa mmoja kwa wakati, si kurasa mbili zilizofunuliwa.

Mtambo wenyewe ni stuli mbili zenye kimo kimoja na ubao uliotobolewa tundu la lensi. Laza ubao juu ya stuli, simu juu ya ubao ikitazama chini, daftari chini yake. Kwa ukurasa wa A4 umbali wa sentimita 30 hivi unatosha. Kama stuli ni ndefu, inua daftari kwa kulipangia vitabu chini, kwa sababu ukikuza kwa vidole unapoteza ubora. Washa saa ya kamera ya sekunde 3, au bonyeza kitufe cha sauti cha waya wa masikioni, ili usiitikise simu. Mwanga uingie kutoka dirishani, upande mmoja, bila flashi ya kamera, kwani flashi huacha doa jeupe katikati ya ukurasa na kufuta maandishi ya penseli. Siku ya mawingu mepesi ndiyo nzuri kuliko zote, na kwa hilo Tukuyu haina mpinzani.

Tatizo linalosumbua zaidi kwenye madaftari ya zamani ni wino wa upande wa pili kuonekana. Karatasi ni nyembamba, mwanga unaipenya, unagonga ukurasa mweupe ulio chini na kurudi na kivuli cha maneno ya nyuma. Macho ya mtu hulivumilia hilo, programu haiwezi. Weka karatasi nyeusi nyuma ya ukurasa unaoupiga. Karatasi ya manila nyeusi inatosha. Ukurasa utaonekana wa kijivu kidogo, lakini maneno ya nyuma yatafifia au kupotea kabisa. Ukurasa uliojikunja ubane kwa kioo cha dirisha cha milimita 4 au 5, kingo zake zimefunikwa kwa tepu usijikate, na ukikisogeza kidogo ule mwako wa dirisha hautaingia kwenye picha.

Piga kila kitu, hata jalada, hata kurasa tupu. Kurasa tupu ndizo zinazothibitisha baadaye kwamba hakuna kilichorukwa. Baada ya kila picha kumi hivi, simama uikuze moja hadi uone kama nukta ya herufi i imejitenga na mguu wake. Ikiwa imeungana nao, picha imetikisika au haikulenga. Rudia papo hapo, kwani daftari likisharudi kwa mwenyewe Kyela hulipati tena kirahisi. Kamwe usitume picha hizo WhatsApp kwa njia ya kawaida ukitegemea kwamba umezihifadhi. WhatsApp huzibana ili zipite haraka, na kinachofika upande wa pili hakifai kazi ya kusomwa na programu. Zitume kama dokumenti, hapo zinafika zilivyo.

Jina la faili ni kazi ya dakika moja inayookoa siku nzima. "IMG_20240611_0034" haimwambii mtu kitu. Tunaanza na mwaka wa maandishi yenyewe, si wa picha, kisha mwezi, aina, mahali, na namba yenye sifuri mbele: 1978-04_barua_tukuyu_001. Hakuna nafasi wala mkwaju (/). Kwa kuanza na mwaka, mafaili yanajipanga yenyewe kwa mfuatano wa tarehe, na kwa sifuri zile, ukurasa wa 10 hauji kabla ya wa 2. Kama mwaka haujulikani, andika 197X. Usikisie.

Sasa ndiyo tufike kwenye maandishi. Kwa kilichochapwa kwa taipu au kiwandani, zipo programu zinazosoma herufi kwenye picha. Google Lens iko kwenye simu nyingi tayari. Kwa kompyuta, Tesseract ni ya bure na ina kifurushi cha Kiswahili, kinachoitwa kwa kifupi swa, nacho kinapaswa kuchaguliwa makusudi, la sivyo itasoma kwa macho ya Kiingereza. Hata hivyo kuna makosa yanayojirudia kiasi kwamba ukishayajua unayawinda. Silabi li hugeuka h, kwa hiyo "nilifika" inakuwa "nihfika". Herufi l inasomwa kama namba 1, na r na n zikikaribiana zinakuwa m. Karatasi za stensili ni mtihani zaidi, maana tumbo la o, e na a limejaa wino na zote tatu zinafanana. Nakala za kaboni zina ukungu wake. Makosa ya namna hiyo yanahitaji mtu anayejua Kiswahili, si mtu anayejua kompyuta tu.

Watu huambiwa programu ina usahihi wa asilimia 98 wakafurahi. Hebu piga hesabu. Ukurasa mmoja una herufi kama 2,000. Asilimia mbili ni makosa 40 kwa ukurasa. Kosa likiangukia kwenye "ya" au "na" mtu atalivuka, likiangukia kwenye mwaka au kwenye ekari za shamba umewapa watoto kesi.

Mwandiko wa mkono ni hadithi nyingine. Programu za kusoma mwandiko zinaboreka, lakini kwa Kiswahili cha kalamu ya wino bado hatuziamini peke yake. Njia inayokwenda vizuri ni kumsomea simu. Fungua kibodi yenye Kiswahili cha Tanzania, bonyeza alama ya kipaza sauti, soma vipande vya maneno nane hadi kumi, simama, angalia kilichoandikwa, endelea. Nukta na mkato haviji vyenyewe, utaviweka baadaye. Majina ya watu na mahali yaandike kwa vidole: Busokelo, Lufilyo, Isongole, Ilembula. Simu haijayazoea na itakuwekea neno jingine lenye sauti ya kufanana, tena bila kukuomba ruhusa. Kazi hii ni ya watu wawili, mmoja anasoma daftari na mwingine anakodolea macho skrini. Ukurasa wa maneno 250 huchukua dakika kumi hadi kumi na tano pamoja na kusahihisha, kwa hiyo daftari la kurasa 80 si kazi ya mwisho wa wiki mmoja, hata kama vijana wamejaa nyumbani kwa likizo.

Kabla hujaanza kuandika zima usahihishaji wa kiotomatiki kama kibodi iko kwenye Kiingereza. Usipofanya hivyo, utakuta "bado" imekuwa "bad" katikati ya barua ya mapenzi ya mwaka 1959.

Ipo alama moja ndogo inayoharibu mambo makubwa, ile ya ng'. Ng'ombe, ng'ambo, ng'oa. Kwenye simu na kompyuta alama hiyo ina sura mbili, iliyonyooka na iliyopinda, na kwa mashine hizo ni herufi mbili tofauti kabisa. Ukiandika nusu ya daftari kwa simu na nusu kwa kompyuta inayopindisha alama yenyewe, ukitafuta ng'ombe utapata nusu ya ng'ombe wa babu. Amua moja. Sisi tunatumia iliyonyooka mkusanyo mzima, na kwenye programu ya kuandikia tunazima ile kazi ya kupindisha alama za nukuu.

Alama hiyo hiyo inagusa mfuko. Ujumbe mfupi wa kawaida hubeba herufi 160. Ukipenyeza alama moja tu isiyo kwenye orodha ya msingi ya mtandao wa simu, kama hiyo iliyopinda, ujumbe mzima unahamishiwa mfumo mwingine na kikomo kinashuka hadi 70. Tangazo la msiba lililokuwa ujumbe mmoja linalipiwa kama matatu, na mhazini wa ukoo anabaki kushangaa salio limekwenda wapi. Walioandika "xaxa", "cjui" na "2po" enzi za vitochi hawakuwa wamesahau Kiswahili. Walikuwa wanabana herufi 160 ambazo kila moja ilikuwa na bei. Kwa hiyo mkikuta ujumbe wa mwaka 2008 kwenye kitochi cha marehemu, unakilini hivyo hivyo bila kuutengeneza. Huo nao umeshakuwa maandishi ya kale, na betri ya simu hiyo haitafufuka mara nyingi. Pigeni picha skrini, ujumbe kwa ujumbe, tarehe ikionekana.

Lugha za nyumbani zina mahitaji yake. Kihehe na Kibena vinatosheka na irabu tano. Kinyakyusa kina saba, na tahajia ya machapisho ya karibuni huandika mbili za ziada kama ɨ na ʉ, wakati maandishi ya zamani hayakuzitofautisha hivyo. Kama unanakili barua ya zamani, fuata alivyoandika mwenyewe. Kama unaandika upya masimulizi ya bibi kutoka kwenye rekodi, amua tahajia moja na uitaje ukurasa wa kwanza. Kuzipata herufi hizo kwenye simu ya kawaida si kugumu. Ingia kwenye mipangilio ya kibodi, fungua kamusi binafsi, weka ʉ kama neno na njia yake ya mkato iwe uu1, na kwa ɨ iwe ii1. Ukiandika njia ya mkato, herufi itajitokeza juu ya kibodi uiguse. Zikionekana kama vijisanduku kwenye simu ya mtu mwingine, simu yake haina fonti yenye herufi hizo. Mpe PDF ambayo fonti imefungwa ndani yake.

Na hapa ndipo tunapogombana na wasahihishaji wenye bidii. Mzee wa Unyakyusa aliyeandika "balabala" na "kuludi" aliandika kama alivyotamka. Ukimsahihisha unapoteza sauti yake, usipomsahihisha mjukuu akitafuta "barabara" hatamwona. Tunaweka mafaili mawili yenye jina lile lile, moja likiishia na _halisi na jingine _sanifu. La kwanza halibadilishwi hata nukta. La pili ndilo la kusomwa na kutafutwa. Mbali na hayo, kilichoongezwa na mnakili kinakaa ndani ya mabano ya mraba, na neno lisilosomeka linaandikwa [halisomeki], hata likiwa moja tu kwenye ukurasa.

Onyo hilo linahusu zaidi akili mnemba. Ukiipa ukurasa wa daftari na kuiambia "safisha", itakurudishia Kiswahili laini chenye aya nzuri, na ndani yake sentensi ambazo mzee hakuandika. Palipokuwa na neno lisilosomeka patakuwa na neno linaloleta maana, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu linapendeza. Itumie kuorodhesha majina ya mahali au kupanga tarehe, kisha hakikisha kila moja kwenye picha. Kwa faili la _halisi, isiguse.

Ukishapata maandishi safi, usiyafunge kwenye PDF ya A4 ukadhani umemaliza. Mstari wa kitabu hubeba herufi kama 60 hadi 70. Kwenye simu iliyosimama, kwa maandishi yanayosomeka bila miwani, zinaingia 35 hadi 45. PDF ya A4 humlazimisha msomaji kuvuta kushoto na kulia kila mstari, na baada ya kurasa tatu anaiacha arudi kwenye video. EPUB, yaani faili la kitabu cha kusomea kwenye simu, hujipanga upya kulingana na skrini na inaruhusu kukuza herufi. LibreOffice, programu ya bure ya kuandikia kwenye kompyuta, inaweza kutoa EPUB moja kwa moja tangu toleo la 6.0 la mwaka 2018. Kinachohitajika ni kutumia mitindo ya vichwa vya habari badala ya kukoleza kwa mkono, ili orodha ya yaliyomo ijitengeneze. Daftari la kurasa 100 likiwa maandishi tu ni kama kilobaiti 200, likiwa picha ni megabaiti 300 na zaidi. Mtu wa Makete mwenye bando la siku anaipokea ile ya kwanza hata mtandao ukiwa unasuasua.

Mashairi yanadai uangalifu wa pekee, na madaftari mengi ya huku yana shairi angalau moja. Chukua mstari wa mfano wenye mizani 16:

Barua hii someni, msiweke sandukuni

Una herufi 35, ukihesabu na nafasi na mkato. Kwenye simu ambayo herufi zimekuzwa utakatika kabla ya "sandukuni", neno hilo liangukie mstari wa chini peke yake, na kina cha mwisho kionekane kama kimepotea njia. Msomaji anayehesabu mizani kwa jicho atadhani mtunzi hajui kazi. Kata mwenyewe kwenye mkato, nane juu na nane chini, na uusogeze ndani mstari wa pili:

Barua hii someni,
   msiweke sandukuni

Vina vinabaki mahali pake hata kwenye kitochi. Andika dokezo kwamba daftarini ulikuwa mstari mmoja.

Kuna maandishi ambayo karibu hakuna anayeyahesabu kuwa kumbukumbu, nayo ni wasifu wa marehemu. Kila msiba una wasifu unaosomwa kabla ya kwenda makaburini. Zamani uliandikwa kwenye karatasi ya daftari usiku wa kuamkia mazishi, siku hizi unaandikwa kwenye simu ya mjukuu mwenye vidole vyepesi, unasomwa, kisha unafutwa simu ikijaa. Ndani yake kuna mwaka wa kuzaliwa, kijiji cha asili na kilichohamiwa, shule, ubatizo au ndoa, kazi ya kwanza kwenye mashamba ya chai ya Mufindi au kule Chunya, watoto kwa majina na kwa mpangilio, na mara nyingi ugonjwa. Ukikusanya wasifu ishirini za ukoo mmoja unaona watu walivyohama kutoka bonde moja kwenda jingine kwa miaka themanini, jambo ambalo hakuna barua moja inayoweza kulieleza. Ziombeni mapema, siku ya matanga au arobaini, kabla simu haijabadilishwa. Mwombeni aliyeuandika awatumie maandishi yenyewe, si picha ya skrini. Mkilinganisha wasifu wa ndugu wawili mtakuta mwaka wa kuzaliwa wa baba yao unatofautiana. Acheni miaka yote miwili, kila mmoja na chanzo chake.

Kwa sababu hiyo hiyo, wasifu si wa kumwaga hovyo. Ugonjwa wa mtu, namba za simu za watoto, mgogoro wa mirathi, deni lisilolipwa, haya yanatolewa kwenye nakala ya kusambazwa na kubaki kwenye nakala ya familia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, lakini hata bila sheria, kuna watu wanaoishi kijiji kimoja na wajukuu wa waliotajwa. Barua nayo ina wenyewe wawili. Karatasi ni ya aliyepokea, maneno ni ya aliyeandika, na kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haki hiyo hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Ukitaka kuiweka hadharani waulize warithi wa mwandishi, hata kama sanduku liko kwenu.

Kuhifadhi, tunafuata nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja ikae nyumba nyingine, tena wilaya nyingine kama inawezekana. Flashi moja si hifadhi. Memori kadi za bei ya kutupa zina udanganyifu unaojulikana, zikionyesha GB 512 wakati uwezo wa kweli ni GB 8, na zikijaa zinaanza kuandika juu ya mafaili ya mwanzo bila kelele yoyote. Kabla ya kuiamini, ijaze mafaili yasiyo na thamani, itoe, irudishe, ufungue ya mwanzo na ya mwisho. Akaunti ya bure ya Google ina GB 15, na kampuni hiyo inafuta akaunti isiyotumika kwa miaka miwili, kwa hiyo mtu mmoja kwenye ukoo apewe jukumu la kuingia angalau mara moja kwa mwaka. Akaunti isifungwe kwa namba ya simu ya mzee peke yake. Laini isiyotumika hufungwa na namba kupewa mtu mwingine, na ule msimbo wa kuingilia utakwenda kwake.

Faili la maandishi matupu, lenye mwisho wa .txt na kuhifadhiwa kwa mfumo wa UTF-8, liwepo kando ya EPUB. Halina sura, ila linafunguka kwenye kila kifaa na ng', ɨ na ʉ zinabaki salama. Na nakala moja ichapwe kwenye karatasi kwa printa ya leza. Ile ya wino wa maji hutiririka paa likivuja, na huku mapaa huvuja. Karatasi nyeupe ya gramu 80 inatosha. Shona kwa uzi badala ya stepo, andika kwa penseli nyuma ya jalada mahali flashi zilipo na nani anazo, kisha rudisha sandukuni juu ya tofali mbili, mbali na ukuta.